Nani Alimuua Co Bao?

Hadithi yangu ya kwanza ya upelelezi niliiandika katika daftari la kurasa 96, kwa kalamu ya bluu, na kwenye ukurasa wa tisa nilimuua Rehema. Rehema alikuwa mchumba wa mpelelezi wangu. Mzuri, mcheshi, anajua kupika pilau. Anapigwa risasi mbili za kifua nje ya nyumba yao Magomeni na kufia mikononi mwa mchumba wake. Kuanzia hapo kurasa zote zilizobaki ni za hasira za yule bwana: anavunja milango, anaruka kuta, anapiga watu mpaka meno yanatapakaa sakafuni. Niliisoma mbele ya wenzangu katika mkutano wetu wa Jumamosi. Walipiga makofi. Kijana mmoja tu, mpole, ambaye kwa kawaida hasemi, ndiye aliyeniuliza, "Dada, sasa huyu Rehema ulimleta wa nini?"

Nilimjibu kwa ukali, nikaenda nyumbani nimenuna. Usiku ule, kitandani, nikagundua jambo lililonitia aibu. Rehema sikumbuni mimi. Nilimwokota kwenye kibanda cha video.

Wasomaji wengi wa kurasa hizi mnavijua vibanda vile. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, televisheni moja imewekwa juu kama sanamu la kuabudiwa. Nje kuna ubao umeandikwa kwa chaki: leo saa nane, ngumi mwanzo mwisho. Sisi wasichana hatukutakiwa pale. Mlinda mlango wetu alikuwa na msemo wake, "Nenda kasuke, hizi si picha zenu." Niliingia kwa sababu kaka yangu alikuwa haendi mahali bila mimi kumshtaki kwa mama, hivyo ikambidi anilipie.

Ndani kulikuwa na sheria moja ambayo kila mtoto aliijua: stelingi hafi. Stelingi anaweza kumiminiwa risasi mia, akatupwa mtoni, akachomwa moto, lakini hafi, na mtu akianza kulia kwa ajili yake anachekwa. Sheria ya pili haikutajwa na mtu, lakini iliheshimiwa vilevile. Demu wa stelingi anaweza kufa wakati wowote.

Tumchukue Rambo, kwa kuwa ndiye aliyetukuza. Picha ile ya pili, Rambo: First Blood Part II, ilitoka mwaka 1985. Rambo anarudishwa Vietnam kutafuta mateka wa Kimarekani na anapokewa porini na mwanamke wa Kivietnam, Co Bao, aliyechezwa na Julia Nickson. Mtazame vizuri huyu mwanamke. Ni jasusi. Anaijua njia, anaijua lugha, anawajua maharamia wenye mashua. Rambo anapokamatwa na kuteswa, Co Bao anajifanya kahaba, anaingia kambini mwa adui, anachukua silaha na kumsaidia kutoka. Yaani stelingi wetu yuko hai kwa sababu yake! Kisha wanapumzika kando ya maji. Co Bao anamwomba ampeleke Marekani, Rambo anakubali, wanabusiana, na kabla hata ya kupiga hatua ishirini anamiminiwa risasi. Rambo anamzika matopeni, anavaa kidani chake shingoni, na hapo ndipo picha inapoanza kuwa picha. Kibanda kizima kilikuwa kikisimama. Nami nilisimama.

Nani alimuua Co Bao? Askari waliojificha majanini walivuta triga tu. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa amekwisha kumvusha stelingi, sasa akawa na ombi lake mwenyewe, la kutaka kwenda mahali na kuishi. Hadithi ile haikuwa na nafasi ya maisha yake. Ilikuwa na nafasi ya kifo chake, kwa kuwa Rambo alihitaji sababu ya kuua watu kwa dakika zilizobaki. Katika Rambo III, mwaka 1988, kile kidani bado kiko shingoni, na mwishowe anapewa mtoto wa Kiafghanistan. Hivyo ndivyo mirathi ya Co Bao ilivyogawanywa.

Mtu ataniambia: dada yetu, hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya zamani, wanawake wa mapigano ni mambo ya juzi juzi, subira. Hapo ndipo ninapotaka kubisha, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Wanawake hawakuchelewa kufika kwenye sinema za mapigano. Walikuwako tangu asubuhi, wakatolewa nje.

Mwaka 1914 kampuni ya Kalem ya Marekani ilianza mfululizo wa picha fupi zisizo na sauti ulioitwa The Hazards of Helen. Ulikwenda mpaka 1917, sehemu 119. Helen ni mtuma telegramu katika stesheni ya reli. Kila juma treni inakimbia bila dereva, au majambazi wanaiba mishahara, na anayeokoa jahazi ni Helen. Aliyeanza kuicheza nafasi hiyo ni Helen Holmes, na mwaka 1915 akaishika msichana aliyetoka kwenye mashindano ya kupanda farasi, aliyekuja kujulikana kama Helen Gibson. Mwaka huohuo alitakiwa kuruka kutoka paa la stesheni hadi juu ya behewa la treni iliyo kwenye mwendo. Walipima umbali. Alifanya mazoezi treni ikiwa imesimama. Siku yenyewe aliruka, akatua sawasawa, lakini mwendo wa treni ukamviringisha kuelekea ukingoni. Akadaka tundu la hewa la paa, akaning'inia, na kwa kuwa kamera ilikuwa inazunguka akaachia mwili ubembee zaidi ili ionekane vizuri. Mwanamke wa miaka 20 na ushei, mwaka 1915, hana kamba wala kompyuta ya kumfutia makosa. Nikisikia leo mtu anasema wanawake hawawezi, ninamkumbuka yule aliyening'inia kwenye tundu la hewa.

Wakati huohuo kulikuwa na Pearl White wa The Perils of Pauline, 1914, ambaye umaarufu wake ulivuka bahari. Akaumia mgongo kwa kazi hiyo. Watazamaji waliamini kila mruko ni wake. Kisha ikaja Agosti 1922, New York, katika kutengeneza picha yake iliyoitwa Plunder. Mtu mmoja aitwaye John Stevenson, amevaa nguo za kike na wigi, alitakiwa kuruka kutoka juu ya basi na kushika chuma cha daraja la reli. Mshiko ukamponyoka, akaanguka, akafa. Ndipo watu wengi wakajua kwamba bibie alikuwa na mwanamume wa kumrukia.

Lile wigi, ndugu msomaji, lina historia ndefu. Fedha zilipozidi kuingia kwenye sinema na kampuni ndogo zikamezwa na kubwa, kazi za hatari ambazo wanawake walikuwa wakizifanya wenyewe zikahamia kwa wanaume waliovaa mawigi. Kwa miaka mingi mwanamke wa kwenye skrini alipoanguka toka kwenye farasi, aliyevunjika mbavu alikuwa mwanamume, na aliyelipwa pia. Helen Gibson hakuacha. Aliendelea kupanda farasi na kuendesha mikokoteni nyuma ya majina ya watu wengine hadi picha ya The Man Who Shot Liberty Valance, iliyotoka 1962, alipokuwa anakaribia miaka 70. Hakuna kibanda kilichowahi kuandika jina lake kwa chaki.

Bombay nako mwaka 1935 ndugu wawili wa familia ya Wadia walitoa Hunterwali. Binti mfalme, baba yake amedhulumiwa na waziri mwovu, anavaa kinyago usiku, anashika mjeledi, anapanda farasi na kuwatetea wanyonge. Aliyecheza alizaliwa Perth, Australia, jina lake Mary Evans, akaja kuitwa Nadia Asiyeogopa. Alikuwa mnene wa haja, mweupe wa nywele, amepitia sarakasi, na alifanya hatari zake mwenyewe. Mwaka 1936 katika Miss Frontier Mail anapigana na majambazi juu ya paa la treni inayokimbia. Treni tena! Picha za Kihindi zilikuwa zikishuka bandarini Unguja, Mombasa na Dar es Salaam tangu miaka hiyo, na bibi zetu wengi waliona sinema ya Kihindi kabla ya kuona ya Kizungu. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba mwanamke mpiganaji ni mambo ya Magharibi ya kuharibu mila, huwa nacheka.

Hong Kong walikuwa mbele zaidi. Mwaka 1966 King Hu alimchukua mcheza dansi, Cheng Pei-pei, akampa upanga katika Come Drink with Me, na ile picha ikasimama kwa mwendo wake yule binti. Mwaka 1972 kampuni ya Golden Harvest ilikuwa na Angela Mao, stelingi kamili, jina lake juu ya bango la Hapkido. Anapiga teke mtu wa mbele huku anamtazama wa nyuma. Basi mwaka uliofuata zikaja fedha za Warner Brothers na ikatengenezwa Enter the Dragon. Wote mnaijua. Je, mnamkumbuka Angela Mao humo? Ni dada yake Bruce Lee. Anafukuzwa na genge la wahuni, anawachapa mmoja mmoja, anazidiwa, anazingirwa ndani ya ghala, anachukua kipande cha kioo na kujiua ili wasimnajisi. Dakika chache tu. Bruce Lee anasimuliwa habari hiyo, macho yanabadilika, na sisi mabenchini tunaanza kusugua viganja. Dada amempa kaka hasira, basi, kwaheri. Mwanamke yuleyule, mateke yaleyale, kampuni ileile. Picha ilipotakiwa kuuzwa dunia nzima ndipo akapunguzwa kutoka stelingi kuwa sababu ya stelingi.

Pam Grier simpitii haraka kwa kumdharau, namheshimu. Coffy ya 1973 ni muuguzi anayewasaka wauza unga waliomharibu mdogo wake, na huficha nyembe ndani ya nywele zake za afro. Lakini kamera ya picha ile ina tabia ya wanaume wa kijiweni, na kila baada ya dakika kadhaa lazima blauzi ichanike. Unampenda stelingi huku unamwonea haya.

Nilipomfikia Ripley ndipo nilipoanza kuelewa kosa langu la ukurasa wa tisa. Alien ilitoka mwaka 1979. Waandishi wake, Dan O'Bannon na Ronald Shusett, walikuwa wameweka maelezo kwamba nafasi zote za wafanyakazi wa chombo kile zinaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Hawakumwandika Ripley kama mke au mchumba wa mtu. Walimwandika kama ofisa wa chombo. Sasa tazama linalotokea. Mwenzao anarudishwa na mdudu amemganda usoni. Nahodha yuko nje, kwa hiyo mwenye madaraka ndani ni Ripley. Anakataa kufungua mlango. Sheria inasema karantini saa 24. Nahodha anafoka, yeye anakataa. Ni mwenzao mwingine ndiye anayefungua, na karibu wote wanakufa kwa sababu ya kufungua kule.

Nilimwona Ripley mara ya kwanza palepale kibandani, na mtafsiri wetu wa siku ile, aliyekuwa amekaa na maiki pembeni, akasema, "Huyu mama jikedume, huyu!" Watu wakashangilia. Lilikuwa neno la sifa. Ila lifikirieni kidogo, ninyi mnaoandika. Jikedume. Tumempa sifa mwanamke, na ili sifa itoshe ikabidi tuazime dume. Ripley pale mlangoni hafanyi la kiume. Anafanya la ofisa anayeijua kazi yake. Helen naye aliweza kuokoa treni kwa sababu anajua treni ipi inapita saa ngapi na swichi iko wapi. Hata kwenye Commando, 1985, ambamo Schwarzenegger anapiga jeshi zima peke yake, yule dada wa ndege, Cindy, aliyechezwa na Rae Dawn Chong, anaponea hapo: alikuwa anajifunza urubani, hivyo ndege ikihitaji rubani yupo. Kombora la kwanza analirusha kinyumenyume, kweli, na tulicheka mpaka machozi. La pili linamtoa Schwarzenegger mikononi mwa polisi.

Rehema wangu alikuwa anajua kupika pilau. Katika kurasa nane za uhai wake sikuwa nimesema anafanya kazi gani.

Halafu akaja Sarah Connor, na hapa mimi na marafiki zangu hatukubaliani hadi leo. Katika The Terminator ya 1984 ni mhudumu wa mgahawa anayekimbizwa. Katika Terminator 2, 1991, Linda Hamilton alifanya mazoezi kwa miezi kadhaa chini ya askari wa zamani wa Israeli, na tunamwona katika hospitali ya vichaa amegeuza kitanda, anajivuta kwa mikono, misuli imekaza kama kamba za mashua. Wasichana wa mtaa wetu tulianza kujivuta kwenye mlango wa choo. Mimi nampenda. Hata hivyo dunia yote ya picha ile inamtafuta kwa sababu ya mwanawe, kiongozi wa kesho. Tumbo lake ndilo lenye thamani, yeye ni kasha. Rafiki yangu mmoja ananijibu kwamba kumpigania mtoto ni kazi kubwa kuliko ya ofisa yeyote wa angani, na kwamba mimi sijazaa ndiyo maana nasema hivyo. Inawezekana. Tukifika hapo huwa tunaagiza chai nyingine.

Miaka hiyohiyo Michelle Yeoh, Mmalaysia aliyejifunza baleti Uingereza mpaka akaumia mgongo, alikuwa amekwisha kuwika Hong Kong kwa Yes, Madam! ya 1985 pamoja na Cynthia Rothrock. Akaolewa, akaacha kazi, akaachika, akarudi. Mwaka 1992 katika Police Story 3, pamoja na Jackie Chan, aliruka na pikipiki hadi juu ya behewa la treni inayotembea. Mwenyewe, si wigi. Nikiitazama ile picha sasa, nasimamisha pale pikipiki ikiwa hewani. Miaka 77 imepita tangu Helen Gibson aruke, na watu bado wanashangaa kana kwamba ni mara ya kwanza.

Sababu ya kushangaa ni kwamba wenye fedha walikuwa na hoja tayari mfukoni. Mwaka 1995 ikatoka Cutthroat Island, Geena Davis akiwa nahodha wa maharamia. Iligharimu karibu dola milioni 100, na Marekani ilivuna kama milioni 10. Kampuni ya Carolco, iliyokuwa imetupa Rambo na Terminator 2, ilikuwa imekwisha kufilisika. Hitimisho likawa moja: wanawake hawauzi. Miaka miwili kabla, 1993, Last Action Hero ya Schwarzenegger nayo ilikuwa imeanguka vibaya, lakini sijasikia aliyesema wanaume hawauzi. Mwanamume akishindwa, ameshindwa yeye na picha yake. Mwanamke akishindwa, wameshindwa wote na dada zao.

Baadaye mambo yalifunguka kidogo, na yanajulikana, sitayachosha. Wonder Woman ya Patty Jenkins mwaka 2017 iliingiza zaidi ya dola milioni 800. Black Panther, 2018, ilikuwa na Lupita Nyong'o na Danai Gurira, na mtaani kwetu watoto wa kike walinyoa vipara. The Woman King ya 2022 ilikwenda mpaka Dahomey kuwatafuta wanajeshi wanawake wa kweli. Na Machi 2023 Michelle Yeoh, akiwa na miaka 60, akapokea Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa Everything Everywhere All at Once, ambamo ana dobi lake, ana kodi ya serikali inayomsumbua, na anapigana.

Sisi je? Riwaya zetu za upelelezi zilizaliwa kwenye hewa ileile ya sinema. Ben Mtobwa alimpa Joram Kiango mwenzi, Nuru, na mimi nilimsoma Nuru kwa tochi chini ya shuka. Ni mzuri mno, mwandishi hachoki kutukumbusha. Lakini anafuatana na Joram kwenye hatari, na hilo kwa msichana wa darasa la saba halikuwa jambo dogo. Nilichukua nini kwa Nuru nilipoanza kuandika? Uzuri tu. Hatari nikampa mwanamume.

Nimemfufua Rehema. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, maana nilipoifuta ile risasi, mpelelezi wangu alikosa la kufanya. Anakaa tu, anavuta sigara, ananitazama. Bila maiti hana hasira, bila hasira hana hadithi. Nilikaa wiki tatu bila kuandika mstari. Mwisho nikamwajiri Rehema: karani wa tiketi, stesheni ya reli. Anajua nani amesafiri, lini, daraja gani, na nani alinunua tiketi mbili akapanda peke yake. Jumamosi iliyopita niliisoma kurasa kumi za mwanzo. Makofi yalikuwa machache. Yule kijana mpole akainua mkono tena.

"Dada, hiyo tiketi ya pili ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia sijui bado, ila Rehema ameanza kumshuku mchumba wake.